Hewa Safi Ndani ya Tanuri

Jumatatu, 9 Februari 1987
Hesabu tena tangu asubuhi. Kalkuleta, penseli, kahawa iliyopoa. Meneja anataka dirisha la kuchungulia katikati ya tanuri la chokaa, mawe yaonekane yakiiva. Kazi yangu ni kukadiria joto litakalompiga mtu usoni hapo. Mwali wa moto unaishia mbali. Baada yake ni hewa safi, unayaona matofali ya ukuta wa pili. Nimehesabu joto la matofali tu. Hewa nimeiacha: kitu kisichoonekana kitamchomaje mtu? Nimetia sahihi. Mwashi anavunja ukuta Ijumaa.

Jumanne, 10 Februari
Mzee Kazungu, mchochezi wetu wa moto wa tanuri, ndiye atakayechungulia, kila nusu saa. Nimemwamkia, nikamwonyesha mchoro. Amekataa. "Mwanangu, hapo huuoni moto, lakini utanitoa macho." Ukaidi tu. Amenikera.

Jumatano, 11 Februari
Leo nimeona wachochezi wanavyopika chakula cha mchana. Karibu na ninapotaka dirisha kuna tundu la zamani, kubwa kama kisahani. Mzee Kazungu humtunga samaki, tafi, kwenye ufito wa chuma na kumshika mbele ya tundu. Nje, si ndani. Kwenye mwali ataungua, anasema, hapa anaiva.
Nimeweka kiganja kwenye ukingo wa tundu. Bomba la moshi linavuta, upepo wa nje unaingia tanurini. Hakuna hewa ya moto inayotoka kumgusa samaki. Naye alichuruzika mafuta kabla sijamaliza chapati yangu! Kwa hesabu zangu angekuwa mbichi mpaka alasiri.
Nimesisimka mwili mzima. Na nimeogopa.

Alhamisi, 12 Februari
Nimefungua kitabu cha chuo, sura niliyoiruka. Hewa ile ya baada ya mwali imejaa mvuke wa maji na hewa ya ukaa. Jicho linapenya, halioni kitu. Lakini zikipata moto zinang'aa, kwa mwanga ambao jicho halina habari nao. Ngozi inauhisi. Tabaka likiwa nene, mng'ao unazidi. Na tanuri letu lina upana wa sebule.
Subhanallah. Hewa hii hii ninayoitoa puani nikiandika.
Nimehesabu upya mara tatu. Joto limezidi maradufu. Macho ya Mzee Kazungu yangeharibika, na sahihi ni yangu. Aibu imenijaa.
Nimemwahi meneja kabla hajafunga ofisi. Amefoka. Nikamwambia basi avunje ukuta, achungulie yeye kwanza. Sijui ulimi huo niliutoa wapi. Ameuchana mchoro.

Ijumaa, 13 Februari
Mwashi hakuja. Nimempa Mzee Kazungu shikamoo yake, nikamwomba radhi. "Marahaba. Kaa ule." Nusu ya tafi.
Nimekaa upande wa tundu. Shavu moja la moto, jingine baridi. Ndani hapakuwa na kitu cha kuona.
Nilipokwenda kunawa nilijipumulia kiganjani. Vuguvugu.