Kadibodi Mbele ya Kipoza Oili

Suzaka, 4 Mei 2019

Mdogo wangu Shunsaku,

Salamu nyingi. Sisi wazima, matufaha yamechanua, ila Baba miguu inamsumbua. Miaka themanini na sita si mchezo. Nawe hujambo huko Fukuoka?

Najua tumenyamaziana miaka ishirini na sita, tangu injini ya gari letu ilipokufa mlimani na Baba akakufukuza akidai umeiua wewe. Nimelifufua. Nimelitia injini nyingine, wanangu wananicheka: “Mzee, hilo kopo la nini?” Tatizo ni oili. Nikipanda mlima, tabo ikishaanza kupuliza hewa kwenye injini, mshale wa joto la oili unavuka digrii mia na thelathini. Oili mpya, pampu nzima.

Wewe ndiye uliyelijua. Ulikuwa hunikubalii kukanyaga mafuta kabla oili haijafika digrii themanini, na tukirudi unaliacha lingurume taratibu uani mpaka tabo ipoe, mimi njaa inaniua. Siku zile nazitamani, ndugu yangu. Nipe akili.

Kaka yako,
Nobuhiro

Fukuoka, 30 Juni 2019

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima.

Fungua bampa uangalie mbele ya kipoza oili. Kila majira ya baridi tulikiziba kwa kadibodi, maana bila hivyo oili haikupata joto mpaka tunafika mjini. Kuitoa mwezi Machi ilikuwa kazi yako, na uliapa mbele ya Baba kwamba umeitoa. Siku ile gari lilipovutwa hadi nyumbani, niliinama nikaiona bado imeziba upepo. Nilipoinuka, Baba alikwisha kulitupa begi langu nje.

Mdogo wako,
Shunsaku

Suzaka, 6 Julai 2019

Mdogo wangu,

Nimeikuta. Ni kipande cha boksi letu la matufaha, kina mwandiko wangu: “Toa Machi.” Nilikaa chini pale pale gereji nikalia. Niliyokumbuka kuitoa ilikuwa ya mwaka uliotangulia. Sikukusudia uongo, lakini umekula ujana wako.

Nimemwambia Baba. Aliweka kikombe chake cha chai, akasema, “Kwa nini mtoto hakuniambia?” Nikamjibu, “Ulimpa nafasi, Baba?” Nisamehe, Shunsaku. Njoo.

Kaka yako,
Nobuhiro

Suzaka, 21 Septemba 2019

Mdogo wangu,

Hujambo? Sijapata jibu, wala sikulaumu. Baba amelazwa wiki ya pili sasa. Moyo umechoka. Hataki kula, uji wa mchele anausukuma kando. Kila nikiingia ananiuliza kama posta imepita. Daktari anasema nisichelewe kukuita.

Kaka yako,
Nobuhiro

Fukuoka, 25 Septemba 2019

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ya Julai niliisoma nikaifungia kabatini kwa hasira. Neno lile la “nisamehe” nililitaka miaka yote hii, na lilipofika sikujua niliweke wapi. Nilikwenda kazini, nikarudi, nikaisoma tena, ndivyo hivyo mpaka Septemba.

Wewe nimekusamehe. Kusahau ni kwa kila mtu, nami mwenyewe ningeweza kuinama mbele ya bampa kabla ya kupanda mlima. Baba bado. Yeye hakuniuliza hata swali moja, na hilo simsamehei kwa barua. Nakuja Jumamosi kwa treni ya asubuhi. Mwambie nakuja kugombana naye, na sigombani na mtu asiye na nguvu, kwa hiyo ale.

Mdogo wako,
Shunsaku