Sahani ya Eliza, Misigiri

Dada, shikamoo.

Nimefika salama Misigiri kwa Bibi, shangazi yake Baba. Jua ni kali na alizeti zimechanua hadi nyuma ya choo. Leo mchana alikuja mtendaji wa kijiji kuhesabu wasichana wenye umri wa kidato cha tano na sita. Anasema kila mwaka wanazidi, na wakionekana wengi kijiji kitaombewa madarasa yao. Lakini Bibi hakubali watu wahesabiwe kwa kidole. Akawaita wajukuu zake wasichana wa umri huo waje kula, akamwambia, "Hesabu sahani, mwanangu."

Sahani za ugali wa mtama na mlenda zikapangwa mkekani. Ya mjukuu wake Eliza, Bibi akaiweka kando. "Huyu ananyonyesha. Ameshakuwa mama."

Eliza, mtoto mgongoni, akairudisha kwenye mstari. "Bibi, nimefaulu kidato cha nne kama wenzangu. Na mama naye hula."

Mtendaji akajizuia kucheka. Bibi akanyoosha mikono. "Haya, nipe huyo mtoto. Na wewe mtendaji, usiiruke hiyo sahani."

Niliinamia ugali wangu wasione machozi. Nilikukumbuka wewe, ulivyombeba mwanangu Baraka nje ya ukumbi wa mtihani huku mimi nikiandika ndani. Sijui kama niliwahi kukushukuru vizuri. Asante, dada yangu. Nakuletea mafuta ya alizeti na kuku mmoja mkorofi, tutamla pamoja. Mungu akutunze.

Mdogo wako,
Rehema