Mkopo wa Daraja na Ngozi ya Ng'ombe

Alhamisi, baada ya kikao

Bado sijui kama nilijibu vizuri.

Daraja la kwenda Bukundi limesombwa na maji, wajawazito hawafiki zahanati, na halmashauri haina kitu mpaka ushuru wa pamba uanze kuingia. Mimi kama mweka hazina nilipendekeza tukope benki kwa miezi michache. Kilichoniudhi ni madiwani kuitikia wote bila kusoma. Isipokuwa Mzee Masanja.

"Mayu," aliniuliza taratibu, akiniita mama kwa Kisukuma, "na pamba ikikataa?"

Nilikuwa na kurasa tatu za majibu. Nikasema tu, "Sijui, baba."

Akasimulia kwamba mwaka wa njaa jirani alimpa ng'ombe amtunze, ili watoto wapate maziwa. Ng'ombe akafa. Mzee akamchuna, akaibeba ngozi kichwani mpaka kwa mwenye ng'ombe, aone kwamba hakumuuza. Yule jirani aliishika ngozi muda mrefu, halafu akampa ng'ombe mwingine.

"Wanangu walikua kwa maziwa ya hao wawili," alisema, akanyoosha mkono kukubali. "Kopa. Ila akikufia, ngozi uipeleke mwenyewe. Usimtume mtu."

Barua ya kuomba kibali cha waziri ili tukope nimeisaini. Tangu nirudi nyumbani nimetoka nje mara nne kuangalia mawingu, kana kwamba mashamba yote ya Simiyu ni yangu.

Naogopa. Ila pamba ikikataa, benki nitaenda mimi.