Kwaya Nyumbani kwa Mzee Ramiro

Jumatatu, 3 Februari
Kenmore, huku ughaibuni, kazini. Theluji mpaka magotini. Nimemwogesha Mzee Ramiro, nimempa ile chai chungu ya kwao Argentina, amekunywa nusu. Maisha yake yote ametunga muziki, wa okestra na wa kanisa. Mkewe alipougua alianza kumtungia muziki wake mwenyewe. Mama wa watu kafa Desemba, muziki umebaki kuandikwa mwisho tu. Okestra inaungoja. Tangu mazishi hajagusa piano. Hataki mgeni, hapokei simu. Roho inaniuma.

Alhamisi, 6 Februari
Amechana ukurasa wa muziki huo mbele yangu. Jumanne ataipigia okestra simu, awaambie hakuna muziki. Kazi yote ile! Nimekasirika, nimeosha vyombo kwa fujo.

Jumapili, 9 Februari
Nimeshindwa kunyamaza. Baada ya ibada nimemwambia Mama Furaha, kiongozi wa kwaya yetu. Amenitolea macho. "Mutu amefiwa na bibi, na munamuachaka ye peke mu nyumba? Bon, kesho tunaenda." Nilipaswa kukataa. Sikukataa.

Jumatatu, 10 Februari
Aibu. Kwaya nzima toka mtaa wetu wa East Side, na masufuria ya fufu na sombe ya majani ya muhogo. Viatu vya theluji tele mlangoni. Wakakaa chini kimya, kama tunavyokaa kwa mfiwa, kisha wakaimba. Mzee akatoka chumbani mwekundu kwa hasira, akawafukuza. Nikatafsiri. Hakuna aliyeinuka. Kwetu mfiwa akikufukuza ni uchungu unaosema. Ukiondoka kweli, umemtupa. Mama Furaha akaupandisha wimbo sauti. Mzee akapiga ngumi mfuniko wa piano. Halafu akalia, kwa sauti, mabega yakitikisika. Wao wakaimba tu. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumanne, 11 Februari
Hakunisalimia. Kasema nimeleta watu nyumbani kwake bila ruhusa. Kweli. Nikaomba radhi. Siku nzima nilingoja aombe simu aipigie okestra. Hakuiomba.

Alhamisi, 13 Februari
Piano iko wazi. Ameniuliza wale akina mama wanajuaje pa kuachia wimbo, maana karatasi za muziki hawakuwa nazo. Nikamwambia wimbo wa kilio tunauacha mfiwa anapoanza kumsimulia marehemu.

Akafikiri sana. Kisha akaanza kunisimulia jinsi mkewe, Elena, alivyokuwa akipiga mluzi jikoni, kuimba hajui hata kidogo. Nikafunga bomba la maji nisikie. Alipomaliza, akachukua penseli na zile kurasa za muziki wa Elena.