Vitasa vya Wodi ya Watoto

3 Machi
Bibi yangu,
Shikamoo. Natumai mgongo umepunguza kukusumbua. Mimi mzima, ila sina kazi. Funguo za ghala zilipotea, tajiri akaniita mwizi mbele ya wateja, akanifukuza karakanani kwake. Sikuiba, Bibi. Sasa nimekata shauri: wakikuita mwizi, iba. Mlango wake naufungua kwa waya mmoja. Nikitoka na mashine yake ya kuchongea funguo, ndipo atanijua. Wenzangu wapya wananiita Nuksi.
Mjukuu wako, Nuksi

10 Machi
Mume wangu,
Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Herufi hizi ni za mshonaji jirani, maana shule mimi niliiona kwa nje. Maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapiga pasi.
Nuksi ndiye nani? Wewe uliyerudisha yai kwa jirani kwa sababu kuku wake alikuja kutagia kwetu? Ubaya una wenyewe. Wewe umeuvaa kama koti la kuazima, mikono inakupwaya. Tajiri amekuonea, mdomo wake uote vipele. Lakini ukiiba, utakuwa umemfanya msema kweli. Nijibu upesi, chai hainishuki.
Bibi yako

30 Machi
Mume wangu,
Hujambo? Mimi sijambo ya kulazimisha. Mbona kimya? Kama uko mahabusu, niambie. Kama umetajirika, usiniambie.
Bibi yako

6 Aprili
Bibi yangu,
Shikamoo, na unisamehe. Nilikuwa naona haya.
Nilikwenda saa saba mchana, wote wametoka kula. Nikafungua, nikaitia mashine kwenye gunia, nikafunga kamba. Kumbe mezani kuna vitasa vinne vya wodi ya watoto, tayari kupelekwa hospitali. Nikajaribu kimoja, mazoea tu. Springi imegeuzwa! Mlango ukijibamiza, aliye ndani hatoki. Bibi, miguu ilikataa kuondoka. Nikavuta kigoda, nikakifungua kile kitasa, nikakirekebisha. Vyote vilikuwa hivyo hivyo. Nipo kwenye cha nne, tajiri huyo mlangoni.
"Unafanya nini humu?"
Ningeweza kusema nimekuja kuomba kazi. Nikasema, "Nilikuja kuiba. Mashine yako imo kwenye gunia. Ila funguo za ghala sikuchukua."
Akavijaribu vitasa kimoja kimoja, mara mbili mbili. Kisha akasema polepole, "Kuhusu funguo, nakuamini. Nenda." Polisi hakuita. Kazini hakunirudisha. Wale wenzangu nimewaaga, wamenicheka mpaka basi. Sasa nina meza yangu ya kutengeneza vitasa kando ya soko, ila wateja wanapita mbali. Wamesikia mimi ni mwizi.
Mjukuu wako

13 Aprili
Mume wangu,
Marahaba, marahaba, marahaba tena. Mshonaji amenisomea barua yako mara tatu, ya tatu akalia akailowesha. Nimewatangazia mtaa mzima: mjukuu wangu alikwenda kuiba, akaishia kufanya kazi ya bure! Wamecheka, nami nimecheka nao, huku kifua kimenijaa. Mwizi mbovu kuliko wewe sijapata kumsikia, na sikubadilishi kwa watakatifu kumi. Mwongo angetoka pale salama. Wewe ulisema kweli huku gunia liko miguuni.
Lakini huyo tajiri, sijamalizana naye. Tusi alilitoa hadharani, na neno "nakuamini" akalinong'ona mkiwa wawili. Hapana. Jumatatu napanda basi. Nitakaa kwenye benchi la wateja wake mpaka aseme "nakuamini" mbele yao, kwa sauti ile ile aliyokuitia mwizi. Nabeba mto na chakula cha siku tatu.
Bibi yako