Fungate ya Aliyeniita Dada Yake

Jumapili, 2 Machi 2025

Wamenipa fungate! Mimi! Kamati ya harusi imekaa kwenye simu tangu tulipotoka kanisani. Watu wa hapa Louisville, wa Columbus, wa Buffalo, kila mtu anagawiwa kazi yake — ukumbi, chakula, MC, keki. Halafu Mama Blessing, mwenyekiti wetu, anakohoa kidogo: "Adelina, wewe ndiye mzoefu wa mambo ya Ulaya. Tuchagulie ziara za maharusi." Nikasikia hadi friji ya mtu inanguruma.

Mzoefu! Ulaya sijawahi kukanyaga. Uzoefu wangu ni mmoja tu: mwaka juzi nilipanga fungate yangu mwenyewe, Roma, Praha na Paris, na huyuhuyu Thobias, bwana harusi wao. Kadi zilishachapwa. Gauni lilishafika. Akanipigia kutoka Columbus niko kazini ghalani hapa Jeffersontown, glovu mkononi, forklift zinapiga kelele, akasema ametafakari sana. Ametafakari! Sasa anamwoa binti wa Kikongo wa Buffalo, Gracieuse, na miji ni ileile. Hata miji hakujisumbua kubadilisha, mwanaume yule.

Nimesema sawa. Ningekataa wangesema bado namtaka. Ningetoka kwenye grupu wangesema nalia. Silii. Nimesonga ugali nikala wote.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza kuchagua. Jamani, raha!

Kuna kitu kamati haijui. Thobias anaogopa maiti. Si ile hofu ya kawaida ya watu. Siku ya kumuaga Mzee Donati kule Columbus, jeneza wazi, marehemu kapakwa poda kapendeza, Thobias aliona pua tu akakimbilia kwenye gari. Mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba ni presha. Nilimfichia aibu yake na bado akanitupa.

Sasa sikia. Paris: ziara ya chini ya ardhi, mifupa imepangwa ukutani kama kuni. Roma: makaburi ya Wakristo wa kale, mnashuka na mwongozo, mnabaki humo mpaka amalize kusimulia. Praha: wanakupeleka mji wa jirani kuna kanisa limepambwa kwa mifupa ya watu, hadi taa ya darini! Zote ni za kuongozwa. Mwongozo anahesabu watu wake, hakuna kukimbilia gari. Na jioni nimemwekea ya mizimu, mwongozo anavaa joho jeusi.

Mke wake sijamfikiria. Harusi ni ya wawili lakini hasira yangu ni ya mmoja.

Nimecheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Ijumaa, 7 Machi

Gracieuse amenipigia. Mwenyewe!

"Wifi!" anasema. Sauti nyembamba, ya furaha, Kifaransa anakichomeka humohumo. "Ni Gracieuse, wa Buffalo. Donc ni weye dada ya Thobias?"

Nikakaa chini. Nilikuwa jikoni, nikakaa palepale sakafuni.

Akaendelea. Eti Thobias ndiye aliyemfundisha neno wifi. Eti kamwambia mimi ni dada yake, tumelelewa pamoja Moshi. Eti amefurahi sana kwa sababu dada zake wote walibaki kambi ya wakimbizi. "Bon, wifi, ziara tuchague pamoja. Kuya Buffalo, ulale kwetu Riverside. Peke yangu sitaweza, majina yote ya kule ni magumu."

Ningesema palepale. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini nikasikia nasema, "Nitakuja, wifi."

Nikampigia Mama Blessing. Hata hakushtuka. Anasema ilibidi, ni kwa ajili ya amani, je, ningependa binti wa watu aingie kanisani akijua mimi ni nani? Nikauliza nani mwingine anajua. Akasema kamati yote. Yote! Watu waliokula pilau ya pete yangu! Wamekaa wakakubaliana kwamba mimi ni dada yake, halafu wakanipa na kazi.

Jumamosi, 8 Machi

Dada. Dada! Dada gani anavishwa pete?

Kwenye simu yangu namba yake bado imeandikwa Mume Wangu, na picha yetu ya siku ya pete, ameniinamia shavuni. Leo nimeishika nibadilishe. Nikaacha. Sijui kwa nini nimeacha.

Jumamosi, 15 Machi

Columbus. Kikao cha ana kwa ana, nyumbani kwa Mama Blessing. Nimeendesha tangu asubuhi, nimevaa gauni jekundu makusudi, nimesuka upya. Waniangalie.

Nikasomewa jina kama mwanafunzi: "Fungate — Adelina." Nikasimama. Nikaeleza ziara zangu kwa sauti ya kitaalamu. Sikusema mifupa. Nilisema "historia ya kale". Nilisema "maeneo matulivu ya chini ya ardhi". Wakapiga makofi! Shangazi mmoja akasema huyu binti ana moyo mkubwa, Mungu atamwona. Thobias amekaa kwenye kochi, shati limepigwa pasi, kitambi kimeanza. Akainua soda yake na kusema mbele ya watu wote, bila kupepesa jicho:

"Asante sana, dada."

Na wote wakaangalia sahani zao. Haki ya Mungu, hakuna aliyeniangalia mimi.

Akanifuata hadi nje kwenye gari. Anataka kujua Buffalo naenda kufanya nini. Nikamwambia naenda kumwona wifi yangu, kuna ubaya? Akaanza: Adelina, tafadhali, yule mtoto ameteseka, usimharibie. Usimharibie! Kumbe anayeharibu ni mimi. Nikafunga kioo. Alikuwa bado anaongea, mdomo unafunguka na kufungika.

Nikalia njiani. Basi, nimeandika. Nililia kidogo baada ya Cincinnati.

Jumatano, 26 Machi

Thobias anapiga kila siku. Saa kumi na moja jioni, akiwa kwenye mapumziko ya kazi. Sipokei. Ananiachia ujumbe wa sauti na kila siku unaanza vilevile: "Adelina, umemwambia?" Hata habari yako hakuna. Naacha iite, naangalia ile picha inavyowaka na kuzimika. Ndiyo starehe yangu ya wiki hii.

Acha asilale.

Jumamosi, 29 Machi

Buffalo. Naandika haraka.

Nilifika jana. Nilijiandaa kumchukia. Nilitaka awe na maringo, nilitaka awe mzuri kupita kiasi. Ni mdogo, ana mwanya, anafanya kazi ya kuhudumia wazee na mikono imekauka kwa sabuni. Alinipokea kwa kupiga goti mlangoni. Mimi! Akaninyang'anya begi, akanipa kitenge kipya: ya dada ya bwana, anasema. Kitanda chake akanipa mimi, akalala chini. Usiku kucha nasikia anapumua hapo sakafuni nami najiambia, Adelina, usilainike.

Leo tumekuja Grant Street, mgahawa wa Kikongo, sambusa na samaki. Simu yangu katikati ya meza, tunapitia ziara moja moja. Nikamfungulia Paris. Aliiangalia picha ya ukuta ule. Akaisukuma simu kwangu.

"Hapana, wifi. Mifupa hapana. Mi nilishaona ningali mutoto, njiani tukikimbia. Sitalipa franga kuona tena."

Alisema taratibu, anapangusa mezani makombo ambayo hayapo. Mwezi mzima nacheka na mifupa yangu, sikumwona yeye hata kidogo. Nikafuta zote hapohapo, Paris, Roma, Praha, na mizimu ikafutwa. Nikamwambia achague anachopenda. Anataka mashua ya kupita chini ya madaraja. Anataka ile ya kuonja chokoleti. Anataka mwongozo anayesema Kifaransa, Thobias akose kuelewa na yeye ndiye amtafsirie, angalau siku moja yeye awe mjuaji! Tulicheka sana. Mimi pia nilicheka.

Basi ziara zangu zimekwisha. Thobias ataenda kula chokoleti.

Halafu akaacha kucheka. Akashika mkono wangu.

"Wifi, nikuulize kitu. Kwetu, dada ya bwana njo anasemaka ukweli, maana amemujua tangu zamani. Mama yangu hayuko, sina wa kuuliza. Thobias ni muntu wa namna gani?"

Nilifungua mdomo. Mzuri? Mchapakazi? Muoga? Neno lolote ambalo ningesema lilikuwa la dada, na mimi si dada. Na nikisema kweli kwa mdomo wangu, kesho kamati itaimba kwamba Adelina kaenda Buffalo kuvunja harusi kwa wivu. Nikasema naenda msalani kwanza.

Sasa niko msalani, nimekaa juu ya mfuniko, daftari magotini. Simu nimemwachia mezani achague mashua.

Saa ya ukutani hapo nje ilikuwa inakaribia kumi na moja.

Nilijua. Acha nisijidanganye kwenye daftari langu mwenyewe — nilijua nilipoinuka. Niliitazama simu, nikatazama saa, nikachukua mkoba tu. Naweza kurudi. Ni kusukuma mlango tu. Atakuwa na harusi yake, mashua zake, chokoleti zake, na mume anayedanganya bila kupepesa jicho. Nirudi?

Sirudi.

Na sijui kama hiki ni kisasi au ndiyo jibu aliloniomba. Yote. Yote mawili, na kisasi kimezidi.

Inaita! Mlio wangu. Inaita, inaita — hakuna anayegusa. Sasa hivi anaiona ile picha. Anasoma: Mume Wangu.

Imenyamaza.

Inaita tena. King'ang'anizi! Piga, baba, piga.

Imekatika katikati. Hapana, haikukatika. Ameipokea. Simsikii akisema alo. Hajasema kitu, anasikiliza tu, na mimi najua anachosikia, maana sentensi yake ni ileile kila siku: Adelina, umemwambia?

Naandika tu, mwandiko mbaya.

Kiti kimesogezwa. Viatu vinakuja huku. Vimesimama mlangoni.

Anagonga.

"Adelina," anasema.

Hakusema wifi.