Macho Mekundu ya Chande

Temeke, Dar es Salaam

Dada yangu Somoe,

Shikamoo dada. Shikamoo tena, maana ya kwanza najua umeipokea umekunja uso. Mgongo umeacha kukusumbua? Shemeji na wapwa zangu hawajambo huko Masasi? Mie mzima, nimenenepa hadi suruali inalalamika. Nimeandika barua kwa sababu simu zangu unazikata, na barua hata ukiichana utakuwa umeshasoma mstari wa kwanza.

Unga nimeacha, dada. Huamini. Sawa, hata huku haniamini mtu. Kila asubuhi naenda kliniki kunywa methadoni, dawa ya kutuliza arosto, yale maumivu ya kukosa unga, na nikishakunywa nesi anataka nitaje jina langu kwa sauti, ajue nimemeza, sijaificha mdomoni. Mie Bakari, niliyefika Durban kwa meli na kula sahani moja na mabaharia wa nchi saba, nataja jina kama mtoto wa chekechea!

Pale kliniki nimepewa mtu wa kunishika mkono, anaitwa Chande. Naye alikuwaga teja, akaacha, sasa anatembea na sie tunaoacha. Asubuhi ananipitia gheto, ananisindikiza kwenye dozi, mchana anatukusanya watu kumi, tunakaa mduara, tunaongea, tunakunywa chai. Na siku zote anatuhubiria jambo moja: "Nendeni nyumbani. Ombeni radhi. Mama ni mama, atakufungulia mlango."

Sikumwamini tangu siku ya kwanza. Katika mji huu nani anakugongea saa kumi na mbili asubuhi kwa mapenzi tu? Nikasema huyu shushushu. Baadaye nikaona mengine. Joto lote hili, shati mikono mirefu. Kila Alhamisi mduara ukiisha anapotea, hasemi anakokwenda. Kesho yake macho mekundu, anasinzia kwenye benchi. Dada, kwenye ishu hiyo mie profesa. Shule niliishia la sita, lakini dalili za unga naweza kufundisha chuo kikuu. Si wewe niliyekudanganya miaka mitatu kwamba macho yangu yameingia vumbi la shambani?

Nikaenda kwa Bi Rehema, msimamizi wetu. "Chande karudi kwenye unga."

"Umemwona akitumia?"

"Nimeona macho yake."

"Bakari, hilo likiwa kweli namtoa kazini, na nyie kumi mnabaki bila mtu. Kaone kwanza, ndipo uniletee maneno."

Basi Alhamisi nikamfuata, kofia hadi puani. Akaenda mpaka Kunduchi, kule wanakoshusha samaki. Nikasema haya, kijiwe chake ndicho hiki. Nikazunguka nyuma ya mabanda. Namkuta ameinamia karai la mafuta, anakaanga samaki, moshi wote usoni, machozi yanamchuruzika, mikono ya shati ameifunga vifungo mafuta yasimrukie. Pembeni mama mmoja amekalia ndoo, anampa samaki mmoja mmoja bila kumtazama.

Chande akaniona, akabaki na kijiko hewani. "Bakari, umefuata nini huku?"

Yule mama akageuka. "Wewe nani?"

"Shikamoo mama. Rafiki yake."

"Wa zamani au wa sasa?"

"Wa sasa, mama."

"Geuza mifuko."

Nikageuza. Kitana na kadi ya kliniki. Kadi akaisoma mbele na nyuma. Kisha akanifungia samaki kwenye gazeti, akanipa, akavuta pochi yake karibu zaidi na mguu wake.

Kumbe ni mama yake mzazi. Tulipoondoka Chande akasema, "Mwaka mzima namkaangia mpaka wateja wanaisha. Ndani kwake sijawahi kuingia."

"Sasa mbona unatuambia tutafunguliwa?"

"Ningewaambia ukweli, nani angethubutu kwenda?"

Nilimkasirikia, dada. Uongo wa namna hiyo hata mie sijawahi kuuvumbua. Lakini Bi Rehema aliponiuliza kesho yake, nilimjibu, "Ni moshi wa samaki, Bi. Nilikosea." Akauliza samaki wa nani, nikamwambia hilo amuulize mwenyewe. Chande yuko kazini bado. Alhamisi akaenda tena Kunduchi.

Nilikuwa nimekuandikia barua nyingine, ya machozi, kurasa mbili, kukuomba unifungulie. Nimeichana. Cherehani yako niliiuza mie, siyo yule jirani niliyemsingizia hadi mkagombana. Naomba umwambie hivyo. Mlango siuombi. Naomba kazi. Korosho zikianza kuanguka nije siku chache niokote shambani kwako. Bi Rehema anaulizia nitapataje dozi nikisafiri. Nitalala kwa mjomba, asubuhi nije, jioni niondoke. Nikague nikifika, nikague nikiondoka. Ukitaka usinisemeshe kabisa, ingawa hapo utaumia wewe, mdomo wako naujua.

Msalimie mama mdogo aliyetulea. Msalimie shemeji, mwambie baiskeli yake aendelee kuifunga mnyororo, sitakasirika. Wapwa zangu wape salamu za mjomba, kama jina langu linatajwa humo ndani.

Ukikubali, usijisumbue kuandika mengi. Niambie tu nianzie mkorosho upi.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Bakari